Acheni Kuruka Nyimbo

Nina ugomvi na madijei wanaotafsiri muvi, na ugomvi wenyewe ni mmoja tu: wanaruka nyimbo. Hapa Katoro ingia kibanda umiza, au peleka flashi yako dukani ujaziwe picha za Kihindi. Filamu ya saa tatu utaikuta imebaki mbili na kidogo. Ngumi zote zimo, risasi zote zimo. Wimbo ukianza, unasikia "hapa steringi anaimba imba kidogo", kisha picha inaruka mpaka kwenye gari linalolipuka.

Kabla wasomi hawajanipigia makofi, niseme wazi kwamba siko upande wao. Wapo watu wa fasihi wanaoiona kazi ya dijei kuwa uchafu, eti anaongeza maneno yake na kumfanya polisi wa Chennai afoke kama mgambo wa sokoni. Sasa ubaya uko wapi? Lufufu na DJ Mark hapa kwetu, DJ Afro kule Kenya, VJ Jingo Uganda, hao ni watambaji wa hadithi. Wamepokea kisa cha watu wengine wakakisimulia kwa ulimi wa wasikilizaji wao. Mtambaji ana haki ya kuongeza chumvi. Na kwa kuwa namhesabu dijei kuwa mtambaji, ndiyo maana namdai wimbo.

Sisi tuliokulia Usukumani tunajua ngano inavyokwenda. Bibi anasimulia, anafika mahali mnyama anaimba au binti aliyefukiwa anaimba, na hapo watoto wote wanaitikia. Mara nyingi siri ya kisa imefichwa katika wimbo huo: ndugu anamtambua dada yake kwa wimbo, muuaji anaumbuka kwa wimbo. Bibi angesema "hapa binti anaimba kidogo, tuendelee", tungemwambia arudi nyuma. Mbona dijei hatumwambii?

Tuje kwenye picha zenyewe. Tunasema "za Kihindi" kwa mazoea, lakini zile zinazojaza mabenchi siku hizi nyingi zinatoka kusini mwa India: za Kitelugu kutoka Hyderabad, za Kitamil kutoka Chennai, za Kikannada kutoka Bengaluru, za Kimalayalam kutoka Kerala. Hizo ni lugha nne zenye fasihi zake, na Kitamil kina mashairi yenye umri wa miaka 2,000 hivi. Nyingi hutufikia zikiwa zimeshavalishwa Kihindi, ndipo dijei azivalishe Kiswahili. Maneno ya asili yameshapotea njiani mara mbili. Kilichosafiri kizima ni muziki, na ndicho tunachokitupa!

Chukua RRR ya S. S. Rajamouli, ya mwaka 2022. Wote mnaijua ngoma ya "Naatu Naatu", iliyotungwa na M. M. Keeravani kwa maneno ya Chandrabose, ambayo mwaka 2023 ilipata Oscar. Lakini ndani ya kisa ile ngoma inafanya kazi. Mzungu amemdhalilisha Bheem mbele ya wageni, eti hajui kucheza. Ram anaingia kumtetea rafiki yake, wanacheza mpaka Wazungu wanaishiwa pumzi, na mwisho Ram anajiangusha makusudi ili Bheem ashinde mbele ya binti anayempenda. Ukiiruka ngoma hiyo umeuruka urafiki wao, halafu watakapogeukana utashangaa watu wanalia nini.

Kuna kubwa zaidi. Ram amejiingiza katika polisi wa Mwingereza akitafuta bunduki kwa ajili ya watu wa kijiji chake. Ni yeye anayeamriwa kumchapa Bheem hadharani mpaka apige magoti. Bheem hapigi magoti. Anaimba. Umati uliokuwa umenywea unasikia wimbo na kulipuka. Hapo Ram anageuka, kwa kuwa ameona wimbo mmoja umewafanya watu wote kuwa silaha, kitu alichokuwa akikitafuta kwenye bunduki. Filamu nzima imesimama juu ya wimbo huo. Nimeona nakala iliyoukata. Mle Ram anabadilika ghafla tu, kama mtu aliyekunywa dawa.

Na sisi wa huku tuna sababu ya ziada. KGF, ile ya Kikannada ya mwaka 2018, imebuniwa juu ya machimbo ya Kolar. Kolar ni mahali pa kweli: Waingereza walianza kuchimba kwa mitambo miaka ya 1880, wakashuka zaidi ya kilomita tatu ardhini, na mgodi ukafungwa mwaka 2001, mwaka mmoja tu baada ya mgodi mkubwa wa Geita kuanza kutoa dhahabu. Kijana anayeshuka duarani Rwamgasa akiitazama picha hiyo anajiona. Sasa, nakala za mtaani zinamwonyesha Rocky akipiga watu nyundo. Wimbo wa mama yake, yule mama maskini aliyekufa kwa kukosa pesa, haumo. Ukiuondoa, Rocky anabaki mroho wa dhahabu mwenye ndevu nzuri. Ukiuacha, unajua nani alimtuma. Vijana wangapi hapa wameingia shimoni kwa sababu ya mama? Hao ndio tunaowanyima wimbo wao.

Madijei wana majibu yao. La kwanza ni kwamba wateja hutoka nje kuvuta sigara wimbo ukianza. Wanatoka kwa sababu hawaambiwi unasema nini. La pili, muda: ukifupisha, kibanda kinaingiza picha nyingine. Hilo ni la biashara na ninalielewa, ila mbona ugomvi wa dakika kumi na tano haukatwi? La tatu ndilo zito, kwamba ushairi hautafsiriki. Ni kweli ni mgumu. Lakini watu wa Pwani walizichukua nadhamu za filamu za Kihindi wakazitilia maneno ya Kiswahili zikawa taarabu, na Siti binti Saad alikwenda mpaka Bombay kurekodi mwaka 1928. Na Kili Paul, kijana wa Kimaasai, amependwa na mamilioni ya Wahindi kwa kufuatisha tu nyimbo zao kwa midomo. Bahari hii nyimbo zimeshaivuka zamani. Zinakwamaje kwenye kompyuta ya dijei?

Sidai makubwa. Wimbo ukianza, dijei atoe sentensi tatu: nani anaimba, anamwambia nani, na anataka nini. Akishasema, anyamaze. Muziki umalizie. Anayeweza zaidi atunge beti mbili za Kiswahili, tutamheshimu kama mshairi, maana atakuwa mshairi.

Na nyie wasomaji wangu, mkienda kujaza flashi ulizeni swali moja kabla ya kutoa hela: "Nyimbo zimo?" Kama hazimo, hiyo ni nusu ya picha. Lipeni nusu.