Kufungua mlango si wizi

Vijana wenzangu, na ninyi wakubwa wa mashirika mnaotusoma kimya-kimya bila kuacha hata laiki moja: Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Wiki iliyopita, kwenye chumba kimoja cha vijana hapa Nengo, msimamizi alichomoa waya wa PlayStation watoto wakiwa katikati ya mchezo. Juu ya nini? Alikuta simu imewekwa kando ya televisheni, inawaka, na mtoto mmoja akamwambia: "Hiyo simu ndiyo inatuingiza kwa seva ya yaya." Akasema huko ni kuhaki, ni wizi, na mwenye simu asirudi tena na mambo hayo. Mwenye simu ni mimi.

Sasa wacha nieleze huko "kuhaki" ni kitu gani, juu wengi tunaogopa tusichokijua.

Mchezo wenyewe ni Minecraft. Ukicheza kwa simu, kuna mahali pa kuandika anwani ya seva yoyote unayoitaka. Unaandika, unaingia, kwisha. Ukicheza kwa PlayStation au Xbox, mchezo ni ule ule, kampuni ni ile ile, lakini mahali pale pa kuandika hapapo. Unaonyeshwa seva chache walizozichagua wao, basi. Ila konsoli imeachiwa sikio moja: inasikiliza kama kuna mtu anayecheza kwenye waifai ile ile ya nyumbani. Apu kama BedrockTogether inatumia sikio hilo. Unaandika anwani ya seva kwenye simu, na simu inaita kwenye waifai: huku kuna mchezo! Konsoli inadhani ni mchezo wa jirani. Mtoto anabonyeza, na simu inabeba habari kwenda na kurudi mpaka kwenye seva ya mbali. Hakuna nywila iliyovunjwa. Hakuna mchezo ulioibwa, tuliulipia.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mojang, kampuni iliyotengeneza Minecraft na ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, inatoa bure programu ya kuendesha seva yako mwenyewe. Yaani wanakupa nyumba bure, halafu mwenye konsoli hana pa kupigia hodi. Sasa anayemtafutia mlango ndiye mwizi?

Sisi wa hapa mambo ya baryeri tunayajua. Kutoka Nengo kwenda Petite Barrière si safari. Ukisimama pale Goma unaiona kwa macho, na laini ya Rwanda inashika mtandao mpaka ng'ambo. Sauti inavuka, lakini mkimbizi anabaki upande huu. Yule mtoto aliyetaja yaya yake ana miaka 12. Yaya yuko Nakivale, Uganda. Hawajaonana tangu Januari 2025, M23 walipoingia Goma. Mkubwa anacheza kwa simu, mdogo kwa PlayStation yetu ya zamani, na bila ile apu hawakutani. Walikuwa wanajenga barabara yao ya Birere, nyumba kwa nyumba, wakibishana duka gani lilifuata lipi. Waya ulichomolewa wakiwa wamefika kwenye mlango wa duka la mama yao.

Najua mtakaloniambia: usalama wa watoto. Ni neno la kweli, silicheki. Lakini tulipime vizuri. Zile seva zilizochaguliwa na kampuni zimejaa watu tusiowajua kutoka dunia nzima, na hizo hakuna aliyezikataza. Seva yetu iko na orodha ya majina 14. Ambaye jina lake halipo haingii, hata akiijua anwani. Salama iko wapi hapo?

Hatari ziko, na ni afadhali tuziseme sisi wenyewe. Kuna njia nyingine ya kubadilisha namba za DNS kwenye konsoli. Hapo konsoli yako inauliza njia kwa mashine ya mtu usiyemjua, kwa hiyo mimi siifanyi kwenye mashine ya watoto. Pia, apu ya kazi hii inataka anwani ya seva na namba ya poti tu. Ikikuomba nywila ya akaunti yako, ifute siku hiyo hiyo.

Na wale wanaosema mchezo ni upuuzi wa watu wasio na kazi: UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi, lilianza kushirikiana na Mojang mwaka 2012 katika mradi wa Block by Block. Huko Kibera wakazi walitumia Minecraft hii hii kuonyesha jinsi wanavyotaka uwanja wao utengenezwe. Ikiwa kwa kupanga mtaa ni maendeleo, mbona kwa mtoto anayekumbuka mtaa wake ni wizi?

Wakubwa, ombi langu ni moja. Kabla ya kuchomoa waya, ulizeni. Kaeni nasi nusu saa, mshike maneti, msome orodha ya majina, tupange masharti pamoja: saa ngapi, nani anaangalia, nani anaongezwa. Kukataza ni kazi ya dakika moja, lakini watoto hawajifunzi chochote ila kujificha.

Na sisi vijana tusijifanye malaika. Mimi niliweka simu pale bila kumwambia msimamizi. Hilo ni kosa langu, na ndilo lililofanya kitu cha wazi kionekane cha wizi.

Jumamosi nitaenda kwake na simu hiyo hiyo, nimwonyeshe yote toka mwanzo. Anayetaka kunisindikiza anitafute. Yule mdogo ameshasema anakuja, na yaya yake atakuwa anangoja kule Nakivale.