Arusha ilianza, Kigali ikapita: siri sio ukumbi

Wadau, hili tulijadili kwa takwimu, ushabiki tuweke pembeni.

Arusha ina AICC tangu 1978. Majengo yale yalikusudiwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, jumuiya ikavunjika 1977, yakageuzwa kituo cha mikutano. Kigali Convention Centre imefunguliwa 2016. Miaka 38 baadaye! Lakini kwenye orodha ya ICCA, chama cha kimataifa cha sekta ya mikutano, mwaka 2023 Kigali ilishika nafasi ya pili Afrika nyuma ya Cape Town.

Kabla hatujapigizana kelele, tujue ICCA inahesabu nini. Mkutano uwe wa chama (madaktari, wahandisi n.k.), uwe unarudiwa, unazunguka angalau nchi tatu, na watu wasipungue 50. Vikao vya wakuu wa nchi havimo. Yaani CHOGM ya Kigali ya 2022, pamoja na misafara yake yote, haihesabiwi hapo.

Sasa ndio tunafika kwenye kiini. Kikao cha marais serikali inaweza kukiita. Mkutano wa madaktari wa moyo hauitwi, unawindwa: unaomba miaka kadhaa kabla, unashindana na miji mingine. Rwanda ilianzisha ofisi ya kazi hiyo, Rwanda Convention Bureau, mwaka 2014, ukumbi wenyewe haujafunguliwa. Kuanzia 2018 ikatoa viza mtu akifika, kwa raia wa nchi zote. Na mgeni wa Kigali anatua mjini kabisa. Wa Arusha akishuka KIA bado ana zaidi ya kilometa 40 za barabara.

Sisi tulikuwa na nini? Mpangaji. Mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda (ICTR) ilikaa AICC miaka 20 hivi, mpaka ilipofungwa 2015. Kwa maoni yangu, mpangaji wa uhakika namna hiyo anakulaza usingizi.

Msidhani haya ni mambo ya wakubwa tu. Mkutano wa watu 300 ni mshiko kwa dereva teksi, mkalimani, mpiga picha, fundi wa vipaza sauti na mama wa chakula.

Kwa hiyo tukisikia ukumbi mwingine unajengwa, tusiulize kwanza una viti vingapi. Tuulize: nani ameshaanza kuiwinda mikutano ya 2030?

Haya wadau, hasa mlioko A-Town, mnasemaje?