Kinywaji ‘kisicho na sukari’ kimetiwa utamu na nini?

Mgonjwa wa kisukari anayetoka kliniki Mugumu kurudi kwake Natta mara nyingi hubeba maneno mawili kichwani: acha sukari. Ni ushauri mzuri, ila haumwambii anywe nini. Dukani anakuta maji, soda za kawaida, vinywaji vya kuongeza nguvu na pakiti za juisi ya unga. Akibahatika kuona soda iliyoandikwa “zero”, anaichukua. Kisha jirani anamwambia, “Hiyo ina dawa ya saratani ndani.” Anairudisha na kuchukua soda ya kawaida, au anakwenda nyumbani kukoroga asali kwenye maji kwa sababu asali ni ya asili.

Hapo amekimbia hatari ndogo na kuingia kwenye kubwa. Maoni yangu ni haya: mtu ana haki ya kukataa kiongeza utamu asichokitaka, na kinywaji kisicho na sukari wala kiongeza utamu hicho kinapatikana hata Natta. Lakini hatakipata kwa kuamini maandishi makubwa ya mbele ya chupa. Atakipata kwa kusoma maandishi madogo ya nyuma, na zaidi sana atakipata jikoni kwake.

Kinachozua hofu hiyo kinaitwa aspatemu. Kiligunduliwa maabara mwaka 1965 na utamu wake ni kama mara 200 ya sukari, ndiyo maana kiasi kidogo sana hutosha chupa nzima. Kimo katika soda nyingi zisizo na sukari, katika bazoka, na katika baadhi ya juisi za unga na vidonge vya kutia utamu kwenye chai.

Hofu ya saratani ilipamba moto Julai 2023. Mwezi huo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani (WHO), liliiweka aspatemu katika kundi la vitu ambavyo “huenda” vinasababisha saratani kwa binadamu. Kundi hilo huwekwa vitu ambavyo ushahidi wake bado ni mdogo. Dondoo ya jani zima la mshubiri, ile aloe vera tunayoijua wote, imo humohumo.

Siku hiyohiyo, kamati nyingine ya wataalamu inayoangalia viwango vya vitu vinavyotiwa kwenye chakula ilisema haioni sababu ya kubadili kiwango cha zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. WHO ilitoa mfano wa mtu mzima wa kilo 70. Ikiwa kopo moja la soda lina miligramu 200 hadi 300 za aspatemu, atalazimika kunywa makopo 9 hadi 14 kwa siku ndipo avuke kiwango, kama hajaipata kwenye chakula kingine.

Mzazi afanye hesabu hiyohiyo kwa mtoto. Mtoto wa kilo 20 kiwango chake ni miligramu 800, yaani makopo matatu au manne tu ya aina hiyo. Mtoto anayepewa soda ya “zero” asubuhi, juisi ya unga mchana na barafu ya juisi hiyohiyo jioni anaweza kukisogelea kiwango hicho bila mzazi kujua, kwa kuwa lebo kwa kawaida hutaja jina la kiongeza utamu bila kusema ni miligramu ngapi.

Sasa tulinganishe na sukari. Soda ya kawaida ina kama gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina kama gramu 35, sawa na vijiko vidogo vinane au tisa. WHO inashauri mtu mzima asiye mgonjwa abaki, ikiwezekana, chini ya gramu 25 kwa siku nzima. Kwa mwenye kisukari, chupa hiyo inapandisha sukari ya damu leo, tena ndani ya saa moja. Kwa hiyo anayeacha soda ya “zero” akachukua ya kawaida kwa kuogopa aspatemu amefanya biashara ya hasara.

Wapo wanaotakiwa kuikwepa aspatemu kabisa. Hao ni waliozaliwa na ugonjwa adimu unaoitwa fenilketonuria, ambao mwili wao hauwezi kuvunjavunja kiini kiitwacho fenilalanini. Kiini hicho kikijaa kwenye damu huharibu ubongo wa mtoto. Aspatemu inakitoa, ndiyo maana chupa nyingi zina onyo kwamba kinywaji kina chanzo cha fenilalanini. Sisi wengine tunachagua tu, na kuchagua si kosa. Wapo wasiopenda ladha yake na wapo wanaosema kinawauma kichwa. Wasibishiwe, wasaidiwe kukipata wanachokitafuta.

Dukani, geuza chupa na utafute orodha ya viungo. Neno lenyewe huandikwa kwa Kiingereza, na herufi zake ni A-S-P-A-R-T-A-M-E. Wakati mwingine huandikwa namba tu: E951 au INS 951. Ukikuta 950 ni asesulfamu, 952 ni siklamati, 954 ni sakarini, 955 ni sukralosi, na 960 ni ile inayotoka kwenye majani ya stevia. Andika namba 951 kwenye karatasi ndogo uiweke kwenye pochi au nyuma ya simu. Asiyejua kusoma amwombe mtoto wa shule amsomee.

Usidhani pia kwamba kinywaji chenye sukari hakina aspatemu. Baadhi ya juisi za unga zina vyote viwili kwenye pakiti moja. Na pakiti isiyo na orodha ya viungo, au iliyofutika maandishi, iache hapohapo kaunta.

Tuje jikoni, maana huko ndiko kuliko na jibu la bei nafuu. Maji yaliyochemshwa na kupozwa yanashinda kila kitu. Ukitaka ladha, kamulia limao. Chemsha mchaichai, tangawizi au mdalasini, unywe kikiwa cha moto au baridi. Chai ya rangi bila sukari inafaa. Maua ya rosela yaliyochemshwa hutoa kinywaji chekundu kizuri hata kwa wageni, ila anayetumia dawa za shinikizo la damu amwulize kwanza daktari wake, kwa kuwa rosela nayo hushusha presha. Kwa siku chache za mwanzo ulimi utalalamika. Punguza sukari kijiko kimoja kila wiki, utaona unazoea.

Lakini tusidanganyane na neno “asili”. Asali ni sukari. Juisi ya miwa ni sukari. Juisi ya embe, hata ukisaga mwenyewe bila kuongeza kitu, inapandisha sukari ya damu. Utamu wa togwa unatoka kwenye kimea kinachogeuza wanga kuwa sukari. Maziwa, ambayo kwa familia nyingi za Serengeti na Tarime ndiyo kinywaji cha nyumbani, yana kama gramu 5 za sukari yake kwa kila mililita 100. Siwaambii wagonjwa wayaache. Nasema yahesabiwe kama chakula, si kama maji.

Kwa mtoto asiye na kisukari, sioni sababu ya kumnunulia kinywaji cha “zero” kabisa. Mei 2023 WHO ilishauri viongeza utamu visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito, na ikahimiza watu wapunguze utamu wa vyakula vyao tangu utotoni. Ushauri huo haukuwalenga ambao tayari wana kisukari; kwao soda ya “zero” ya siku ya harusi bado ni afadhali kuliko soda ya kawaida.

Kuna jambo moja ambalo mzazi wa mtoto anayechoma insulini lazima alijue kuliko yote niliyosema. Sukari ya mtoto huyo ikishuka, atatetemeka, atatoka jasho, atakuwa mkali au atasinzia na kuongea ovyo. Wakati huo kinywaji cha “zero” hakimsaidii hata tone, kina utamu tu mdomoni. Anahitaji sukari halisi mara moja: vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kiasi cha mililita 150. Pima tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, rudia. Akipata nafuu, apewe chakula. Akiwa amepoteza fahamu au hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

Kwa sababu hiyo, nyumba yenye mtoto huyo isifukuze sukari moja kwa moja. Ibaki kwenye kikopo kinachojulikana na kila mtu, na mwalimu wake shuleni awe na ya kwake. Bibi, dada wa kazi na kaka mkubwa wafundishwe kutofautisha chupa mbili zinazofanana rangi, maana kuzichanganya siku hiyo kunaweza kugharimu maisha.

Ninaloomba kwa wenye mamlaka ni dogo. Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Tunaomba lebo itaje kiongeza utamu kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka na mama mwenye macho yaliyochoka, na iseme ni miligramu ngapi. Kwa wauguzi wa kliniki ninaomba dakika tano zaidi: mkishasema “acha sukari”, tajeni vinywaji vitatu ambavyo mgonjwa atavipata kijijini kwake.

Na wewe unayekwenda kliniki wiki hii, beba chupa au pakiti ya kinywaji mnachotumia nyumbani. Mwonyeshe muuguzi, muisome pamoja.