Wezi wa mtandao walishavuka mpaka, wahitimu bado wako kwenye foleni

Mwishoni mwa mwaka 2019, Idara ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, ilitangaza kuwakamata watu 12 mjini Kigali kwa tuhuma za kujaribu kupenya mfumo wa benki ili kuchota fedha za wateja. Wanane walikuwa Wakenya, watatu Wanyarwanda na mmoja Mganda. Mwaka 2021 mahakama iliwahukumu Wakenya hao kifungo cha miaka 8 jela.

Orodha hiyo ya uraia inastahili kusomwa mara mbili. Wakati maofisa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanajadili vyeti vya nani vitambuliwe wapi, kundi moja la uhalifu lilikuwa tayari na watu wa nchi tatu, likifanya kazi katika mji mmoja. Halikuomba kibali cha ajira.

Upande wa pili yuko kijana aliyesomea kuzuia wizi wa namna hiyo. Vyuo vinavyofundisha usalama wa mtandao katika ukanda huu si haba tena. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Kabarak na KCA nchini Kenya wana zao. Kigali kuna tawi la Carnegie Mellon ya Marekani. Kila mwaka wahitimu wanatoka, wazazi wanapiga picha na majoho, kisha kijana anafungua tangazo la kazi na kukuta linataka uzoefu wa miaka mitano na cheti cha CISSP.

Hapo ndipo mambo yanapochekesha na kuudhi kwa pamoja. Cheti hicho chenyewe hakitolewi kikamilifu kwa mtu asiye na uzoefu wa miaka mitano kazini, na shahada humpunguzia mwombaji mwaka mmoja tu. Ada za mitihani ya namna hii hulipwa kwa mamia ya dola. Kwa hiyo mhitimu anaambiwa apate kazi ili apate cheti, na apate cheti ili apate kazi. Wengi huishia kuuza simu, kutengeneza tovuti za maduka au kufundisha kompyuta shuleni. Wachache hufuatwa na watu wasiouliza cheti, na ujuzi wao unakuwa wa mtu wa kwanza kufika na pesa.

Kutokana na hayo, wapo wanaosema shahada hizi zifutwe, vijana wasome kozi fupi za miezi sita na kuingia kazini. Hoja hiyo ina mvuto lakini ni ya haraka mno. Anayejua namna pakiti ya data inavyosafiri kutoka simu hadi seva, namna mfumo endeshi unavyogawa ruhusa, na kwa nini hifadhidata hujibu swali ambalo haikupaswa kujibu, atajifunza zana mpya kila inapotoka. Aliyekariri vitufe vya zana moja atakuwa amepitwa baada ya miaka mitatu. Mambo hayo ya msingi huhitaji muda, na chuo ndicho chenye muda.

Shida ya vyuo ni kwamba mara nyingi msingi huo unafundishwa ubaoni. Mwanafunzi anaweza kueleza aina za mashambulizi kwa ufasaha kwenye mtihani bila kuwahi kuona hata moja likitokea. Kisingizio cha fedha hakitoshi. Wireshark na Kali Linux ni programu za bure, na kompyuta mpakato moja yenye uwezo wa wastani inaweza kuendesha mashine pepe mbili, moja ikishambulia na nyingine ikijilinda. Kinachopungua zaidi ni mhadhiri aliyewahi kukesha akizima moto halisi, na mahali halali pa kufanyia mazoezi.

Suala la uhalali ni zito kuliko linavyoonekana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 inatoa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Ni sheria zinazohitajika. Lakini mwanafunzi anayegundua kwamba tovuti ya halmashauri yake inaanika majina na namba za simu za wananchi hana uhakika kama akitoa taarifa atashukuriwa au atahojiwa polisi. Wengi hunyamaza, na tundu linabaki wazi likimsubiri atakayeliona bila nia njema.

Gharama ya udhaifu huu haibaki katika nchi moja. Julai 2023, mfumo wa eCitizen wa Kenya ulifurikishwa maombi bandia hadi ukashindwa kuhudumia watu. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, ila pasipoti, leseni na huduma nyingine vilikwama, na wageni walioshindwa kupata viza mtandaoni ikabidi wapewe walipowasili. Oktoba 2020 nchini Uganda, wezi walipenya kampuni inayounganisha malipo ya simu na benki, na kwa siku kadhaa miamala kati ya mitandao mikubwa na benki ikasimamishwa. Mfanyabiashara wa Mutukula au Busia anayetegemea simu kulipia mzigo hajali seva iko upande gani wa mpaka.

Uganda tena imetoa somo ambalo mitaala mingi hailigusi. Mwishoni mwa 2024 ziliporipotiwa habari za fedha kuhamishwa isivyo halali kutoka Benki Kuu, wengi walifikiria wadukuzi wa mbali. Miezi michache baadaye waliofikishwa mahakamani walikuwa watumishi wa Wizara ya Fedha. Kosa lao litaamuliwa na mahakama, lakini mwelekeo wa mashtaka unatosha kuuliza: mhitimu wa usalama wa mtandao anafundishwa nini kuhusu uhasibu, ukaguzi na mtu mwenye nywila halali aliyeamua kuiba? Kwenye mitaala mingi, somo la maadili ni la muhula mmoja, saa mbili kwa wiki, Ijumaa mchana. Kila aliyepita chuo anajua mahudhurio ya Ijumaa mchana.

Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu lenye makao yake Kampala likapewa kazi ya kulitekeleza. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walishasaini makubaliano ya kutambuana. Walinzi wa mitandao, ambao kazi yao haijui mpaka hata kidogo, wangepaswa kuwa mstari wa mbele katika kudai makubaliano kama hayo.

Kutambuana kwa vyeti kutachukua miaka, kama kawaida yetu. Lipo jambo dogo linaloweza kuanza muhula ujao. Kenya ina kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mtandao, KE-CIRT. Tanzania ina TZ-CERT. Uganda na Rwanda wana vyao. Vituo hivi vingeweza kupokea wanafunzi wa mwaka wa tatu kwa mafunzo kwa vitendo, na kubadilishana baadhi yao: wa Dodoma akakae Nairobi miezi miwili, wa Kabarak akakae Dar es Salaam. Leo mwanafunzi huyo anapelekwa ofisi ya serikali, anabadilisha wino wa printa kwa wiki nane, kisha anasainiwa kitabu chake. Kubadilisha hilo hakuhitaji itifaki mpya. Kunahitaji barua kati ya mkuu wa kituo na mkuu wa chuo, na meza moja ya ziada.