Adui Asiye na Ulimi

Miongoni mwa masimulizi yanayoteka akili za vijana wetu katika zama hizi, yapo yale yanayohusu vita kati ya wanadamu na wavamizi kutoka sayari nyingine. Vijana huyapata katika riwaya, katika filamu na katika michezo ya kompyuta ambayo imekwishaingia hadi kwenye simu za mkononi. Wazazi wengi huyapuuza kwa hoja kwamba hayo ni mambo ya kubuni, na kwamba kiumbe asiyekuwapo hawezi kudhulumiwa. Sisi tunasema hoja hiyo haitoshi. Kiumbe huyo hayupo, lakini mazoea ya moyo anayoyapata kijana kwa kumtazama akiteketezwa yapo, na mazoea hayo hayachagui yatamwangukia nani baadaye.

Tuanze na asili ya masimulizi haya. Mwaka 1898 Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu chake The War of the Worlds. Humo wavamizi kutoka Mirihi wanatua kusini mwa Uingereza wakiwa na miali ya joto na moshi wa sumu, na majeshi ya dola iliyokuwa ikitawala sehemu kubwa ya dunia yanasagwasagwa. Wengi hukikumbuka kitisho hicho, wakaisahau sura ya kwanza, ambamo mwandishi anawakumbusha wenziwe yale ambayo Wazungu wenyewe waliwatenda wenyeji wa Tasmania. Waingereza walianza kufanya makazi katika kisiwa hicho mwaka 1803. Haikupita hata miaka 40, wenyeji walikuwa wamebaki wachache mno, na wengi wa waliosalia wakahamishiwa kisiwa kingine. Wells alidhani kuwa wametoweka kabisa, ilhali vizazi vyao vingali hai hata leo. Pamoja na hayo, swali lake lilikuwa la insafu: aliyewavamia wengine bila huruma, siku akivamiwa yeye atamlalamikia nani?

Waliofuata hawakulishika swali hilo wote. Mwaka 1959 Robert Heinlein, aliyewahi kuwa ofisa katika jeshi la wanamaji la Marekani, alitoa riwaya ya Starship Troopers. Hatukatai kwamba kitabu hicho kinazungumzia ushujaa, nidhamu na kujitolea kwa ajili ya wengine. Lakini maadui wake ni viumbe mfano wa buibui, na askari huwaita wadudu tu, basi. Wadudu hao hawana neno la kusema wala msiba wa kulia. Na mdudu, ndugu msomaji, hafanyiwi suluhu, hunyunyiziwa dawa. Mtengeneza filamu Paul Verhoeven, ambaye utotoni mwake aliishi Uholanzi chini ya ukaliaji wa Wajerumani, aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 1997 kwa nia ya kuikejeli propaganda ya namna hiyo. La kustaajabisha ni kwamba wapo watazamaji na wahakiki walioiona kejeli wakaidhani sifa. Hivyo ndivyo masikio yanavyozoea.

Aliyeviona vita kwa macho yake alisema vingine. Joe Haldeman aliandikishwa jeshini akapelekwa Vietnam, akajeruhiwa huko. Mwaka 1974 alichapisha The Forever War, riwaya ya vita vya angani vinavyodumu zaidi ya miaka elfu moja. Mwishoni inabainika kwamba vita vile vilianza kwa dhana tupu, na vikaendelea kwa sababu pande mbili hazikuweza kusemezana. Walipoelewana, hapakuwa na la kupigania. Je, ni vita vingapi vya wanadamu kwa wanadamu vimeendeshwa kwa mtindo huo huo?

Kisa kinachowahusu wazazi zaidi ni kile cha Ender’s Game, kitabu cha Orson Scott Card cha mwaka 1985, kilichofanywa filamu mwaka 2013. Mtoto wa miaka sita anachukuliwa kwao akafunzwe uamirijeshi. Anapigana mapambano ya mwisho akidhani yumo mazoezini, kumbe anaongoza merikebu halisi za vita, na kwa amri yake sayari nzima inateketea. Baadaye anatambua kwamba viumbe wale walikuwa wamekwishajuta wala hawakukusudia kurudi. Wakubwa walimficha ukweli kwa makusudi, kwa kuwa mtoto mwenye huruma asingekubali kufanya aliyoyafanya. Hapo mwandishi ametufichulia siri: ili mtu mwema atende dhulma kubwa, yatosha kumficha kwamba anayemuua naye ana nafsi.

Wapo watakaosema tunatia chumvi. Hao tunawaelekeza Rwanda, jirani yetu. Kwa Kinyarwanda inyenzi ni mende. Jina hilo lilitumika kwanza kwa wapiganaji wa Kitutsi wa miaka ya 1960, kisha likatandazwa juu ya Watutsi wote, wazee, wanawake na watoto wachanga. Redio RTLM ililirudia tangu mwaka 1993 hadi masikio yakazoea. Mwaka 1994, katika muda wa siku 100 hivi, waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa 800,000. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa na makao yake Arusha iliwatia hatiani watu watatu kwa mchango wa redio hiyo na gazeti moja katika maangamizi yale. Na ijapokuwa rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa, wote watatu walibaki na hatia. Pale hapakuwa na mvamizi kutoka Mirihi. Palikuwa na jirani aliyebadilishwa jina.

Hatusemi vitabu hivi vichomwe moto, wala kwamba kila kijana anayevisoma ameharibika. Kadhalika hatukatai kwamba kujihami dhidi ya mvamizi ni haki ya kila umma. Tunalolitaka ni wazazi, walezi na walimu waketi na vijana wao na kuwauliza maswali matatu. Adui katika kisa hiki ameitwa kwa jina gani? Je, amepewa nafasi ya kusema lake? Na kama hakupewa, ni nani anayenufaika na ukimya wake?

Kijana aliyezoea kujiuliza hayo mbele ya kioo cha simu atajiuliza pia siku atakapomsikia mwanasiasa jukwaani akiwaita watu wa kabila fulani, au wa dini fulani, kwa jina la mdudu. Siku hiyo haitangazwi mapema. Kumfunza kijana kuuliza ni kazi ya leo.