Tumechukua Ndimi, Tumeacha Meza

Ndugu msomaji, nasema jambo ambalo najua litaniletea nuna za watu kadhaa ninaosali nao: sisi Wakristo tunapenda kuwahadithia wanafunzi wa kwanza wa Yesu, lakini hatupendi kuishi nao. Tunawapenda wakiwa mbali, huko Yerusalemu, miaka karibu 2,000 iliyopita. Wangehamia hapa Madibira msimu mmoja tu wa mpunga, nadhani tungewaitia mgambo.

Hebu tazama tunachokichagua. Kila semina, kila mkutano wa injili, kila kongamano la vijana, ni Pentekoste. Upepo, ndimi za moto, watu 3,000 kubatizwa siku moja! Sura ya 2 ya Matendo ya Mitume imechakaa kwa kusomwa. Lakini hata hiyo tunaisoma nusu. Tukikaribia mwisho, pale waumini wanapouza mali zao ili mwenye shida apate, mhubiri anatazama saa na kuita sadaka. Eti muda umekwisha.

Na sura ya 6? Hiyo ndiyo yatima kabisa. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa linagawa chakula kila siku. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani wakawa wanarukwa katika mgawo. Jamaa zao wakanung'unika. Naomba usiruke neno hilo: walinung'unika. Mitume wangeweza kuwaambia wafunge na kuomba, au kwamba mnung'unikaji hamwoni Mungu. Hawakusema hivyo. Waliita mkutano wa wote, wakataka watu saba wenye sifa njema, na mkutano ndio uliochagua: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Majina yote saba ni ya Kiyunani! Maana yake nini? Inaelekea ufunguo wa ghala walipewa watu wa upande ule ule uliokuwa unalalamika. Niambie, umeliona jambo hilo wapi siku hizi?

Sasa njoo Madibira. Sisi tuko ukingoni mwa bonde la Usangu, na mpunga wetu unakunywa maji ya mto Ndembera yanayoshuka toka nyanda za juu za Mufindi. Skimu ya umwagiliaji iliyojengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika imetupa jina, na mchele wetu unaliwa mbali. Mtu wa mjini akipita wakati wa mavuno, akiona magunia yalivyopangwa, atasema hapa hakuna njaa. Aje mwezi wa pili basi. Mpunga uko kwenye majaruba, bado majani. Palizi inasubiri, mbolea inadaiwa, ndani debe la unga limebaki robo, na mtoto anadaiwa michango na sare.

Hapo ndipo anapobisha hodi mwenye fedha. Yeye hasemi anakopesha. Anasema anakusaidia. Ananunua gunia lako lingali majani shambani. Tuseme mwezi wa sita gunia litauzwa shilingi 70,000. Yeye anakupa 35,000 leo. Mjane mwenye watoto wanne atakataa kwa jeuri gani? Mavuno yakiiva, magunia yanapita mlangoni kwake kwenda kwa mwingine, tena yamejazwa lumbesa, yamevimba kama chura. Kwa magunia 20 ya namna hiyo, bwana yule amepata faida ya shilingi 700,000. Jumapili ya mavuno anasimama mbele na fungu la kumi, shilingi 70,000. Vigelegele! Kwaya inanyanyuka. Mchungaji anamwombea abarikiwe zaidi. Na mjane yuko benchi la nyuma na bakuli lake la mpunga, anapiga makofi na yeye.

Mimi sisemi biashara ni dhambi. Lidia aliuza nguo za zambarau, Paulo alishona mahema, na Petro alivua samaki. Nasema tumegeuza mambo juu chini. Barnaba aliuza shamba lake ili wenye njaa wale. Wa kwetu ananunua jasho la mwenye njaa ili yeye atoe sadaka. Halafu tunamwita Barnaba wa zama hizi. Loh!

Najua majibu yaliyoandaliwa. La kwanza: huo unaoutaka ni ujamaa, na ujamaa tuliuzika. Sikiliza bwana. Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha ilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyemswaga kama watu walivyoswagwa kwenye Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970. Kosa la Anania na Safira lilikuwa uongo: walitaka sifa ya kutoa vyote huku wamebana sehemu. Kwa hiyo sitaki mgambo wa kugawa mali. Nataka tuache kumpigia vigelegele Anania. Na kama jina la ujamaa linakukera, kumbuka Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa kwenda misa, aliwaambia masista wa Maryknoll kule New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafanya watu maskini, litapoteza maana yake kwa watu. Yapata nusu karne imepita, bado tunajibu kwa kuongeza spika.

Jibu la pili lina uzito zaidi: mitume wenyewe walisema haifai waliache neno wakahudumie meza. Kweli walisema. Lakini hawakusema meza haina maana. Waliitafutia watu waliojaa Roho na hekima, wakawaombea na kuwawekea mikono. Stefano, mhudumu wa chakula, ndiye Mkristo wa kwanza kuuawa kwa ajili ya imani. Filipo, mhudumu wa chakula, ndiye aliyepeleka habari Samaria na kumbatiza yule Mwethiopia wa garini. Na yule mwanamke ambaye Matendo yanamwita waziwazi mwanafunzi, Dorkasi wa Yafa, ushuhuda wake ulikuwa nguo. Alipokufa, wajane hawakumweleza Petro mahubiri ya marehemu. Walimwonyesha kanzu alizowashonea. Wewe na mimi tukifa leo, wajane wa Madibira wataonyesha nini?

Tena hatuhitaji kwenda Yafa. Wabenediktini wa Kijerumani walifika Uhehe na kufungua misheni hapa Madibira mwishoni mwa karne ya 19. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa Wajerumani, na Wakonsolata wa Italia walifika Iringa mwaka 1919. Katikati hapo, katika Nyanda za Juu Kusini, ni nani waliosali na watu? Ni makatekista na walimu weusi, Wakatoliki kwa Walutheri, wenye jembe lile lile kama majirani zao, katika miaka ya vita, njaa na magonjwa. Kanisa lilibaki kwa kuwa lilikaa jikoni kwa watu. Leo tuna magari, tuna vyombo vya muziki, lakini jiko la jirani hatulijui linawaka au limezima.

Ninachotaka ni kidogo. Mpunga wa sadaka ya mavuno usiuzwe wote mwezi wa sita kwa bei ya kutupa. Uwekwe ghalani. Mwezi wa pili wakopeshwe wenye dhiki, bila riba, warudishe gunia kwa gunia, lisilo lumbesa. Na wasimamizi wawe saba, wachaguliwe na mkutano, wengi wao wajane na wale ambao tumezoea kuwaita wanung'unikaji. Serikali ina utaratibu wa stakabadhi ghalani, sheria yake ni ya mwaka 2005, ushirika wanaujua. Hivi kweli Kanisa lishindwe?

Mwisho nawageukia ninyi, vijana wenzangu wa mjini mnaoshika kalamu. Hadithi za Kikristo tunazoandika zimejaa binti mlevi anayeokoka ukurasa wa mwisho na kuolewa na mwimbaji. Luka, ambaye mapokeo yanasema ndiye aliyeandika Matendo, alikuwa na sababu zote za kulipamba kanisa changa. Hakupamba. Ameandika uongo wa Anania, ameandika Paulo na Barnaba walivyogombana hadi kuachana njia, ameandika hata habari ya wajane kurukwa chakula. Angeificha ile habari kulinda sifa ya mitume, leo tusingejua kama kulikuwa na meza. Basi na sisi tuandike. Gazeti letu hili lina nafasi. Andika gunia la mama yako liliuzwa kwa bei gani na lilinunuliwa mwezi gani. Ukiambiwa unachafua Kanisa, mjibu huyo kwamba waliochafua ni wale waliolinunua.