"Tarakilishi Imeiba!": Je, Ni Kilio cha Mshinde Tu?

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii nilitupiwa nikiwa ningali mwanafunzi wa shule ya upili, ndani ya kibanda cha michezo ya video mtaani kwetu. Nilikuwa nimeshindwa pigano kwa muda usiofika dakika moja, shilingi 10 zangu zikaenda, nami nikapiga ukelele kwamba mashine ilikuwa imeiba. Waliongoja zamu walicheka. Mwenye kibanda akanisomea methali. Nilitoka nimejiinamia. Leo nimerudi kukata rufani, na mahakama yangu ni nyinyi wasomaji wa jarida hili.

Yafaa kwanza tutazame jinsi mpinzani anayeongozwa na tarakilishi anavyopigana. Binadamu wawili wanapocheza, kila mmoja hutazama kiwambo, hung'amua afanyalo mwenzake, kisha hujibu. Hatua hizo humchukua takriban robo ya sekunde. Tarakilishi haina haja ya kutazama. Kitufe nikibonyezacho hupokelewa na programu ileile inayomwongoza hasimu wangu. Hivyo basi, mtunzi wa mchezo akipenda, hasimu huyo hupata habari za teke langu kabla mguu haujainuka. Ndiyo maana wengi waliocheza Mortal Kombat II, uliotolewa mwaka wa 1993, walilalamika kwamba kila walipojaribu kumkamata mpinzani wamtupe, wao ndio waliotupwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni Street Fighter II, mchezo wa kampuni ya Capcom ya Japani uliotoka mwaka wa 1991. Mmoja wa wahusika wake ni Guile, mwanajeshi wa Marekani. Binadamu anayemchezesha hana budi kukielekeza kidhibiti nyuma kwa kitambo ndipo aweze kurusha silaha yake ya mbali. Kungoja huko ndiko bei ya silaha. Lakini Guile aliyeongozwa na tarakilishi aliweza kwenda mbele na kuirusha papo hapo. Sheria iliyomfunga binadamu haikumgusa yeye.

Wapo watakaonipinga. Watasema kuwa mashine hizo ziliwekwa katika kumbi za kulipia, na mchezo usioshinda mtu haungemlisha mwenye ukumbi. Watasema pia kwamba tarakilishi isiyopendelewa hugeuka bwege: hunaswa kwa mtego uleule mara kumi. Hoja hizi zina uzito. Hata hivyo, hazijibu swali langu: mchezaji anajifunza nini? Mbele ya hasimu anayesoma vitufe, hila haina maana, kwani hadanganyiki. Kutishia kushoto ili upige kulia ni kazi bure. Kinachobaki ni kutafuta ufa katika programu na kuurudia ufa huo hadi ushindi. Huko si kujifunza kupigana.

Hapa ndipo suala hili linapotuhusu sisi wana wa Kiswahili. Tumezoea kusema kwamba mpinzani wa namna hiyo ana "akili", na wasomi wetu wamejadili kwa bidii kama tuite akili bandia, akili unde au akili mnemba. Tumebishania kivumishi, nomino tukaipokea bila swali. Katika malumbano ya washairi, malenga husubiri ubeti wa mwenziwe, akautafakari, ndipo akajibu kwa vina na mizani. Je, malenga aliyeuchungulia ubeti huo ungali rasimu mkobani mwa mwenziwe, tungemsifu kwa ujuzi? La hasha! Tungemwita mwizi. Neno tulilolitumia vijana wa kibandani lilikuwa sahihi kuliko istilahi zetu.

Wapo watafiti walioliona jambo hili. Katika Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, nchini Japani, kulibuniwa mchezo wa mapigano uitwao FightingICE, ambao tangu mwaka wa 2013 umetumiwa katika mashindano ya programu. Mchezo huo huonyesha picha 60 kwa sekunde, lakini kila programu hupewa habari zilizochelewa kwa picha 15, yaani robo ya sekunde kamili. Imelazimishwa kungoja kama mimi na wewe. Ikishinda hapo, imeshinda kwa kubashiri na kupanga, nami nitaivulia kofia bila kinyongo.

Kwa hivyo, naikubali methali ya mwenye kibanda, ila naomba isomwe kikamilifu. Mshindani ni yule anayeweza kushindwa kwa sheria zilezile zinazonishinda mimi. Asiyefungwa na sheria hizo hajanishinda, ameninyang'anya. Nasi tunaofunza na kujifunza lugha hii tusiharakishe kumvisha kila mshindi joho la akili kabla ya kuuliza alishindaje.